Shaba Nzima na Shaba ya Kuchovya

Ndururu ya mwaka 1966 ina pembe 12. Ukiishika gizani, kidole gumba huanza kuzipitia moja moja chenyewe. Upande mmoja yupo sulisuli, pezi la mgongo limesimama kama tanga lililoshiba upepo, pamoja na maneno SENTI TANO. Upande wa pili yupo Mwalimu Nyerere akitazama kushoto, na maneno RAIS WA KWANZA. Mchoro ni wa Christopher Ironside, Mwingereza yuleyule aliyechora migongo ya sarafu za desimali za kwao miaka michache baadaye.

Maneno hayo matatu yamenishughulisha kwa muda mrefu. Mwaka 1966 hapakuwa na rais wa pili, na mtu haitwi wa kwanza mpaka awepo anayemfuata. Maandishi ya sarafu yalikuwa yanasema na watu ambao hawajazaliwa: huyu ataondoka, atakuja mwingine, na nyinyi mtakaoishika hii mtajua kwamba alitangulia. Katika matini yenye nafasi ya maneno matano au sita tu, kutumia matatu kwa jambo hilo ni uamuzi mkubwa wa kifani.

Lakini ninachotaka kukisoma hapa ni rangi. Tunapohakiki shairi tunataja vina, mizani, mpangilio wa beti, taswira. Hatutaji rangi ya karatasi, na tuna haki, kwa sababu karatasi haikutungwa na mshairi. Mazoea hayo tunayapeleka kwenye sarafu na kukosea. Tunasema sarafu "imechafuka", "imechakaa", kana kwamba maandishi yamebaki yalivyo na kitu cha kigeni kimewekwa juu yake. Mimi nadai kwamba rangi ya sarafu ya shaba ni sehemu ya fani yake, tena sehemu inayoendelea kuandikwa baada ya mchoraji kuweka kalamu chini. Na nadai kwamba namna rangi inavyobadilika ndiyo inayotenganisha sarafu zilizokuwa mikononi mwa bibi zetu na hizi tunazowapa makondakta leo.

Nina ndururu kutoka sehemu mbili. Fungu la kwanza lilitoka Tukuyu, kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kitanda cha bibi yangu mzaa baba, katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na ukuta wa nyumba haukauki sawasawa hata Septemba. Fungu la pili lilitoka Iringa, Kihesa, kwa mjomba, ambaye alizifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya sanduku la mbao pamoja na nguo za Jumapili. Sarafu ni zilezile, umri uleule, mchoro uleule. Zile za Iringa zina rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi: kahawia nzito, laini, iliyoenea sawasawa. Zile za Tukuyu ni nyeusi kwenye mabonde ya herufi, na baadhi zina vidoa vya kijani kando ya pezi la samaki, kijani kinachofanana na ukungu lakini hakifutiki kwa kidole.

Kilichotokea ni hiki. Shaba ikitoka mtamboni ina wekundu wa ganda la kitunguu. Oksijeni ya hewani huiwahi mara moja na kujenga juu yake utando mwembamba, mwekundu kwanza, kisha wa kahawia, kisha ukizidi kuwa mnene, mweusi. Salfa iliyomo katika moshi wa jikoni au katika kipande cha mpira huongeza weusi wa aina nyingine. Palipo na unyevu na hewa ya kaboni, shaba hujifanyia kaboneti, na huo ndio ukijani. Chumvi ya jasho nayo huleta kijani chake, kikali zaidi, kinachotafuna. Kwa hiyo fungu la Tukuyu limeandikwa na mvua, na fungu la Iringa limeandikwa na hewa kavu na kitambaa cha pamba. Nikiweka sarafu mbili mezani bila kuambiwa, naweza kukisia ipi ilikaa wapi, kama msikilizaji anavyomtambua msemaji wa Rungwe na wa Kilolo kabla hawajataja kwao.

Ukijani ule unastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Kwa kemia yake ni ndugu wa malakiti, jiwe la kijani ambalo wachimbaji wa Katanga na Zambia wamelitafuta kwa karne nyingi kwa sababu palipo malakiti pana shaba. Sarafu inapokuwa ya kijani inarejea kuwa jiwe ilimotoka. Tena safari ya shaba hiyo imepita kwetu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilitafuta njia nyingine ya kufika baharini, na kuanzia 1966 malori yalipakia shaba na kuivusha Tunduma, Mbeya, Makambako, chini ya mlima wa Iringa, hadi Dar es Salaam, kwenye barabara mbovu ambayo madereva waliogopa hata kuitaja. Halafu ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Hadi leo ukisimama Uyole au Ipogolo unaweza kuona lori limebeba mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na mengi yameanza kuwa ya kahawia kwenye kingo kabla hayajafika Kitonga. Sidai kwamba ndururu ya bibi ilitoka kwenye shaba ile. Nasema tu kwamba mwaka ambao ndururu ilianza kutumika, shaba ilikuwa ikipita barabarani ikibadilika rangi mbele ya macho ya watu walewale walioishika mkononi.

Sasa tuirudie sarafu kama matini. Utando haukai popote ovyo. Mahali palipoinuka, shavu la Mwalimu, ukingo wa pezi, mgongo wa herufi S, vidole hupasugua kila siku, na utando haupati nafasi ya kunenepa. Mahali palipozama panatulia, na weusi hukusanyika humo. Matokeo yake ni kwamba sarafu mpya kabisa ni ngumu kusomeka, inameta kila upande na jicho halina pa kushika, ilhali sarafu ya miaka 20 husomeka hata na mzee asiye na miwani. Kiwanda kilitoa nakshi tu; wino uliletwa na watumiaji. Nakumbuka bibi akiinamisha ndururu kwenye mwanga wa mlango na kusema, "Hii imeshaiva." Nilidhani anatania kama tunavyosema ndizi imeiva. Alikuwa anataja hatua ambayo maandishi yamekamilika.

Sifa hii si ya 1966 peke yake. Katika sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zile senti kumi pana zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka, tundu lenyewe ndilo kiini cha fani. Kwa sababu yake mfalme wa Uingereza hakupata uso. Alipata taji dogo juu ya tundu na jina lake pembezoni. Watu walizitunga kwenye kamba. Ninazo tatu kutoka kopo lile la Tukuyu, na katika moja ukingo wa tundu umekuwa mwekundu unaong'aa upande mmoja tu, pale uzito wa wenzake ulipoilalia kamba. Hakuna kitabu cha historia kilichoandika kwamba bibi wa mtu fulani alitunga senti zake kwenye kamba na kuzining'iniza. Rangi imeandika.

Na mbali zaidi huko nyuma, Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba ambazo maandishi yake ya Kiarabu yana kina: jina la sultani upande mmoja, sifa ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na silabi za mwisho za pande zote mbili zinaitikiana. Msomaji analazimika kuigeuza sarafu ili apate kina. Huo ni ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo, vilivyopigwa kwenye shaba, na mgeuzo wa vidole ndio kituo cha pumzi katikati ya mshororo. Sioni fani ya sarafu iliyobuniwa kwa akili zaidi pwani hii yote. Sarafu hizo zilisafiri: moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na 5 ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hazina tarehe, na wanahistoria hubishana kuhusu miaka ya baadhi ya masultani. Nyingi zimefika kwetu zikiwa kijani kabisa, na bado zinasomeka, kwa sababu ni shaba mpaka ndani. Sultani Barghash wa Zanzibar, alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alichagua picha ya mizani. Mhakiki wa Kiswahili akiliona neno hilo moyo humruka, maana kwetu mizani ni ya mfanyabiashara na ni ya mshairi pia.

Hadi hapa nimezungumzia shaba nzima. Katika shaba nzima, mabadiliko ya rangi ni ya juu tu na yana manufaa: utando wa kahawia hushikamana na metali na kuizuia hewa isiingie zaidi. Ndururu ya kahawia imevaa ngozi iliyojitengenezea. Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote desturi ya kuzisafisha. Tukiwa watoto tulizisugua kwa ndimu na chumvi au kwa majivu, tukafurahi. Iringa kulikuwa na njia nyingine ambayo hakuna aliyeipanga: kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, sarafu zilizolowa kwenye meza, usiku mmoja tu, ziliamka asubuhi na mabaka ya waridi, kwa kuwa ulanzi uliokomaa ni mchachu na uchachu huyeyusha utando. Lakini wekundu unaorudi hivyo ni mbichi, hauna mwanga wa kiwandani wala kina cha umri. Ndani ya wiki chache huwa na madoa yasiyolingana. Anayeisafisha sarafu anafuta ubeti ulioandikwa kwa miaka 30 ili apate ukurasa mtupu, na ukurasa wenyewe haupati.

Mia ni habari nyingine.

Sarafu ya shilingi 100 tunayoitumia tangu miaka ya 1990 ina sura ya Mwalimu upande mmoja na swala 4 wanaokimbia upande wa pili. Kama taswira, naipenda: swala wamepangwa kwa namna ambayo jicho halipati wa kumtazama peke yake, linasukumwa kutoka mmoja kwenda mwingine. Rangi yake ikiwa mpya ni ya njano, rangi ambayo kwa Kiswahili tungeiita shaba bila kusita, maana lugha yetu huiita shaba ile nyekundu na pia ile iliyochanganywa na zinki ikawa njano. Lakini unjano huo ni wa juu tu. Ndani ni chuma. Mia ni chuma kilichochovywa, kama mkufu unaouzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaielewa.

Sababu ni ya hesabu, na si ya Tanzania peke yake. Metali ikipanda bei na thamani ya fedha ikashuka, siku inafika ambapo sarafu ina thamani kubwa ikiyeyushwa kuliko ikitumika. Marekani ilibadili senti yake mwaka 1982, ikawa zinki iliyofunikwa kwa shaba nyembamba. Uganda ilitoa shilingi moja na shilingi mbili za chuma chenye ganda la shaba mwaka 1987. Uingereza ilifanya hivyo kwa peni zake mwaka 1992. Kwetu shilingi moja ya 1966 ilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ile ya 1987 ilibaki na mkono ulioshika mwenge, lakini mwili ukawa chuma chenye ganda la nikeli. Taswira ileile, mwili mwingine. Katika fasihi tungeuliza mara moja kama hilo bado ni shairi lilelile.

Hapo ndipo rangi inapotoa jibu. Mia ikiwa kamili hubadilika kwanza kama shaba yoyote: njano hufifia, inakuwa kama asali, kisha kahawia. Jasho na chumvi vikiizidi, zinki huanza kutoka kwenye ganda na kuacha wekundu wa shaba pekee, madoa ya waridi ambayo watu hudhani ni rangi ya nyanya. Hadi hapo bado tunasoma sura ya kwanza. Kisha msumari, changarawe, meno ya ufunguo mfukoni, chochote kile, hutoboa ganda. Unyevu unaingia. Na sasa metali mbili zimekutana ndani ya maji yenye chumvi, na hiyo ni betri.

Hapa inafaa kulinganisha na paa. Bati la nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Ukilikwaruza, zinki iliyo jirani hujitoa yenyewe kuliwa ili chuma kisiliwe. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo kwenye bati unaweza kukaa muda mrefu bila kutu. Shaba haina huruma hiyo. Shaba na chuma vikikutana majini, kinacholiwa ni chuma, tena kwa kasi zaidi kuliko kingekuwa peke yake. Ganda lililowekwa kumpendeza mtazamaji linageuka kuwa adui wa kilicho ndani mara tu linapotobolewa. Kutu huvimba, huinua ganda kutoka chini, na ganda hupasuka zaidi. Doa la rangi ya udongo mwekundu linajitokeza, mara nyingi kwenye ukingo au pale mchoro ulipobana, na linakua.

Washairi wetu wamezoea kusoma kwa dhahiri na batini: maana iliyo juu, na maana iliyofichwa ambayo msomaji makini huifikia kwa jitihada. Ndururu haina batini. Ukiikata katikati utakuta shaba, ukiikuna utakuta shaba, na rangi yake ya nje ni tafsiri ya kile kilichomo ndani. Mia ina batini, lakini si ile ya kishairi, kwa sababu haikutungwa ili ifikiwe. Ilitungwa ili isionekane. Inapoonekana hatupati maana ya pili, tunapoteza ile ya kwanza: swala wanakatika miguu, herufi zinamezwa, shavu la Mwalimu linabanduka. Sarafu nzima huzeeka. Ya kuchovya haijui kuzeeka. Hukaa kijana mpaka siku inapoanza kufa. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuandika, kwa sababu mia ndiyo sarafu pekee ambayo wanangu wameishika kwa wingi, na haitawafundisha kwamba kitu kinaweza kubadilika chote na bado kikabaki kilekile.

Msimu uliopita wa mvua nilipanda daladala Kabwe. Mama mmoja mbele yangu alitoa sarafu, na kondakta akarudisha mojawapo juu ya kiganja chake.

"Mama, hii imeoza. Nipe nyingine."

"Mwanangu, si ni mia? Mwalimu huyo hapo."

"Namuona, mama, lakini nikimpa mtu chenji hataipokea."

Nilimwomba mama yule anibadilishie, akanitazama kwa mshangao na kunipa. Neno la kondakta lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Hakusema imechakaa, alisema imeoza. Kuoza huanzia ndani. Upande wa swala, mnyama wa mwisho alikuwa amebaki kichwa na mgongo, na mahali pa miguu palikuwa na shimo la kahawia lenye unga ulionichafua kidole. Unga huo ulikuwa wa chuma.

Nikaipeleka Mwanjelwa kwa fundi redio ninayemfahamu, pamoja na ndururu 2, moja ya Tukuyu na moja ya Iringa, kwa sababu nilijua ana sumaku ya spika kuukuu juu ya meza yake. Akamwaga chenji zake za siku, akapitisha sumaku juu. Mia zikaruka na kugonga kama wadudu kwenye taa. Jero, yaani shilingi 500, nazo zikapanda, maana zile zilizotolewa mwaka 2014 zenye nyati na sura ya Mzee Karume ni chuma chenye ganda la nikeli. Mia yangu yenye shimo ilipanda vilevile, ikaacha unga kidogo kwenye meza. Ndururu mbili zilibaki palepale, moja kahawia, moja na kijani chake kando ya pezi.

Fundi akazichukua, akazipitia pembe kwa kidole gumba. Akainusa ile ya Tukuyu.

"Shaba ina harufu, shikamoo yake," akasema, akanirudishia.

Harufu ile kwa kweli haikuwa ya shaba. Hutokea mafuta ya ngozi yanapokutana na metali. Alikuwa amenusa mkono wake mwenyewe, na wangu kabla yake. Nilipofika nyumbani niliziweka kila moja mahali pake, ya Iringa kwenye kitambaa, ya Tukuyu kwenye kopo. Mia nikaiweka kwenye kisahani peke yake, mbali na shaba, ili unga wake usiziguse.